Prado 120 na tairi za 33: watu wanabishana tairi, kumbe ugonjwa uko kwenye rimu

Hiki kisa ni cha Prado 120 ya petroli, 2.7, gari ya jamaa anaekaa Kisauni ambae shamba lake liko ndani huko Kinango. Naiandika yote kwa urefu kwa sababu haipiti muda bila mtu kuuliza "niweke 33 ama nibaki na za kiwandani", na majibu anayopewa ni mabishano ya tairi matupu, AT (tairi la njia zote) nzuri, hapana MT (la matope) ndo nzuri, huyu anasema 285 (upana wa tairi kwa milimita) inaingia bila kukata kitu, yule anaapa lazima ukate, na wote wawili wanaweza kuwa wanasema kweli maanake hakuna hata mmoja alieuliza rimu ina upana gani na imekaa vipi kwenye habu (kile kitovu kinachofungwa rimu).

Gari ilitoka kiwandani na rimu 17 zenye upana wa inchi 7.5, ofuseti +30 (yaani uso unaokaa kwenye habu uko milimita 30 nje ya katikati ya rimu), tairi 265/65R17 (upana milimita 265, ubavu asilimia 65 ya upana huo, rimu ya inchi 17). Jamaa akapata seti ya mtumba, rimu nyeusi pana zimepakwa rangi upya, zimeshavalishwa tairi 285/70R17 za matope, zile ambazo watu wanaziita 33 kwa sababu kipenyo ni kama inchi 33. Nne tu, spea hakuna. Zilipofungwa gari ikasimama kisawasawa, hilo sikatai, ukiiona imeegeshwa unageuka mara ya pili. Lakini malalamiko yakaanza siku hiyo hiyo. Akikata usukani kwenye kona za mtaani kunakwaruza, akifika 80 usukani unatetemeka, kule Mariakani ambako malori yameichimba lami mifereji gari inamvuta huku na huku mpaka mikono inachoka, na mlima wa kupanda Kwale ambao zamani alikuwa anaupanda akiongea na simu (usifanye hivyo) sasa gia inashuka na injini inalia. Alieifunga akamwambia dawa ni kuinua gari inchi mbili halafu kukata chuma kidogo nyuma ya tairi la mbele. Ndo akaja kuuliza: "Fundi, nikate nisikate?"

Nkamwambia kaka, hujapima kitu hata kimoja, unakata nini?

Tukaanza na hesabu ya tairi yenyewe kwa sababu hio haihitaji hata spana. 265/65R17 ina kipenyo cha milimita 776. 285/70R17 ina 831. Tofauti ni 55 hivi. Sasa muuzaji atakwambia gari imepanda sentimita tano na nusu, si kweli, gari inapanda nusu ya hapo tu, milimita 27, kwa sababu habu iko katikati ya tairi na nusu nyingine inaenda juu kula nafasi ya fenda. Yaani ile difu ya nyuma (boksi la gia katikati ya ekseli) inayogonga visiki Kinango imeinuka milimita 27, ndo faida yote uliyopata kwa urefu, na wakati huo huo umepoteza milimita 27 za nafasi pale juu tairi linapopanda kwenye shimo.

Asilimia yake ni 7. Spidomita ikisoma 80 wewe kwa kweli unaenda 85 na kitu, ikisoma 105 umeshapita 110 ambayo ndo mwisho wa gari ya binafsi kwenye barabara kuu. Na kuna kitu watu hawakifikirii hapa, odomita nayo inahesabu pungufu kwa hio hio 7, kwa hivyo jamaa alikuwa analalamika mafuta yameongezeka sana kumbe sehemu ya hio "ongezeko" ni kilomita ambazo gari ilitembea lakini haikuziandika. Safari inayosoma 500 ilikuwa 535. Mafuta yaliongezeka ndio, tairi nzito na pana inakula, lakini si kiasi alichokuwa anakililia.

Mlima wa Kwale pia umejijibu hapo. Tairi kubwa kwa 7% ni sawa na kurefusha gia zote kwa 7%, na kwenye breki ni mambo yale yale kwa upande wa pili, breki ni zile zile za kiwandani lakini sasa zinashika gurudumu refu zaidi na zito zaidi. Ukiwa peke yako Nyali husikii. Ukiwa na magunia nyuma unateremka Kwale kurudi Kombani utasikia.

Lakini kukwaruza, kutetemeka na kuvutwa, haya matatu hayakutoka kwenye 285.

Kwa kawaida rimu ina namba zimechapwa kwa nyuma, upana na ET, ambayo ndo ofuseti. Hizi rangi mpya ilikuwa imezifunika zote. Kwa hivyo tukatoa tairi moja (tulitaka kuiona kwa ndani vilevile, ntaeleza), rimu ikalazwa uso chini, ubao ulionyooka ukapitishwa juu ukingo kwa ukingo, halafu ukapimwa umbali kutoka kwenye ubao kushuka mpaka uso unaokaa kwenye habu. Ikatoka milimita 115. Rimu ya kiwandani ukiipima hivyo hivyo inatoa 138. Sasa fuata hesabu: hizi ni rimu za upana wa inchi 9, na rimu inayoitwa 9 ukipima ukingo wa nje mpaka wa nje ni kama inchi 10, milimita 254, nusu yake 127, na 115 iko pungufu kwa 12. Maana yake ofuseti ni -12. Kiwandani ni +30.

Kutoka +30 mpaka -12 ni milimita 42 ambazo katikati ya gurudumu imesogezwa nje. Ongeza nusu ya upana uliozidi, milimita 19, ukingo wa nje umetoka kwa milimita 61. Sentimita sita! Kila upande. Na ndani umeachia nafasi ya milimita 23 ambayo hukuihitaji, maanake 285 kwenye rimu ya kiwandani haikuwa na shida kubwa upande wa ndani.

Hapa ndo naomba mtu atulie asome. Tairi la mbele halizunguki papo hapo ukikata usukani, linazunguka kwenye mhimili ambao uko upande wa ndani, kama mlango kwenye bawaba, kwa hivyo kadiri unavyolisogeza nje ndo linafagia duara kubwa zaidi mbele na nyuma. Tulipaka chaki kwenye mabega ya tairi, tukakata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, mbele na kwa riva. Chaki ikabaki sehemu mbili: kona ya bampa, na nyuma kule chini kwenye kile kikombe cha chuma kinachoshikilia bodi juu ya chesisi. Kile cha nyuma ndo alichoambiwa akikate. Ni kweli Prado 120 ikivaa 285/70R17 pale panakuwa pembamba hata kwa rimu ya kiwandani, watu wengi duniani wamekata pale na si siri. Ila kwa rimu ya -12 hata ukikata kidogo haitoshi, utakata na kukata, na kuinua gari hakusaidii sana kwa sababu tairi linagusa kwa kuzunguka, halijagusa kwa kupanda. Springi za inchi mbili zinakupa nafasi juu. Nyuma ya tairi hazikupi kitu. Tena ukiinua mbele bila kurekebisha pembe za usukani, tairi linarudi nyuma kidogo kuelekea pale pale kwenye kikombe, na gari inazidi kutangatanga barabarani.

Kuvutwa kwenye mifereji ya Mariakani pia ni ile 42. Tairi limekuwa mbali na mhimili wa usukani, basi kila kishimo kinapata mkono mrefu wa kukuvuta. Beringi nazo zinabeba uzito mahali ambapo hazikutengenezewa. Za jamaa zilikuwa bado kimya, lakini tulizungusha gurudumu kwa mkono na moja ya mbele kushoto ilikuwa na ukwaruzo mdogo ambao siupendi.

Kutetemeka sasa. Alishafanya balansi mara kadhaa kwa watu tofauti, kila mtu anaongeza risasi (vile vipande vya uzito vya kwenye rimu) anachukua pesa. Nilipofungua nati ya kwanza nikaiangalia nikaelewa. Toyota akikupa rimu za aloi za kiwandani nati zake zina wosha bapa na shingo iliyonyooka inayoingia ndani ya tundu. Rimu za nje (zisizo za kiwandani) nyingi zinataka nati ya koni, ile iliyochongoka inayojikita yenyewe katikati. Jamaa alifungiwa rimu za koni kwa nati za wosha. Kwenye nati kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa pembeni tu, ndo sehemu pekee iliyokuwa inagusa, na kuzunguka tundu la rimu kuna unga mweusi wa alumini, yaani rimu ilikuwa inacheza na kujisaga kila siku. Matundu mawili yalishaanza kuwa mayai. Stadi mbili (bolti za habu zinazoingia nati) uzi wake umevutika, nati ikipita inakaza katikati halafu inalegea. Hio gari ilikuwa imebeba watoto kwenda Voi na kurudi.

Na tundu la katikati la rimu lilikuwa kubwa kuliko habu. Prado 120 habu yake ni milimita 106, rimu nyingi za nje zinatobolewa 108 au 110 zikubali gari nyingi, halafu unatakiwa kuweka pete ya kujaza. Pete haikuwepo. Ukiwa na nati sahihi za koni ungevumilia, ukiwa na nati za wosha na pete hakuna, gurudumu linakaa popote linapotaka, balansi utafanya mpaka kiama.

Kwa kuwa tuko hapo, watu wa mtumba mjue hili: "nati sita za 139.7", yaani nati sita kwenye duara la milimita 139.7, haimaanishi rimu inaingia. Pajero ina sita za 139.7 lakini tundu la kati ni 67, kwa Prado inagonga habu haipiti. Patrol inapita kwa sababu ni 110, lakini uzi wa stadi zake ni 1.25 na wa Toyota ni 1.5, ukichanganya nati kwa nguvu ya spana ya upepo umeua stadi. Land Cruiser 100 ni nati tano, hio hata usiulize.

Tairi zenyewe tulizitoa tukazitazama kwa ndani. Ubavu ulikuwa mzima, lakini namba nne za mwisho za DOT (kodi iliyochapwa ubavuni mwa tairi) zilisomeka 1815, wiki ya 18 ya mwaka 2015, na kati ya meno kulikuwa na nyufa ndogondogo kama za udongo wa jangwani. Kampuni za tairi zenyewe zinasema ukipita miaka mitano kagua kila mwaka na kumi usivuke. Kwa jua la huku na gari inayolala nje mimi sisubiri kumi. Meno yalikuwa marefu bado, na ndo kinachouza tairi la mtumba, mtu anaangalia meno anasahau mpira umekauka.

Tulipofika kwenye swali la achukue nini sasa, nikamuuliza safari zake za kweli, si zile za ndoto. Kazini kila siku mjini, Kisauni kupitia daraja la Nyali. Shamba Kinango wikendi, njia ya ndani ni mchanga na udongo, masika inateleza na kuna sehemu mbili za matope za kukwama, miiba ya migunga na visiki kila mahali. Tsavo Mashariki mara chache kwa mwaka na familia. Kwa matumizi hayo MT ni kujitesa. Ina kelele, kwenye lami yenye maji breki yake ni ndefu, na kwenye mchanga haina maajabu, meno makubwa yanachimba. Mchanga dawa yake ni kutoa upepo mpaka PSI 18 hivi, tairi likarefuka kwa chini, na kompresa ya kujazia ukitoka. Kwa hilo kinachokusaidia ni urefu wa ubavu: 265/65 ina ubavu wa milimita 172, 265/70 ina 185, 285/70 ina 199.

Jamaa alikuwa bado hajauza rimu zake za kiwandani, ziko store kwa mamake, na hio ndo bahati yake kubwa kwenye kisa hiki chote. Tukaenda nazo. Rimu za kiwandani, tairi 265/70R17 za AT, za LT (zile ngumu za kubebea mizigo) kwa sababu ya visiki. Kipenyo 803, asilimia 3.4 juu ya kiwandani. Spidomita za kiwandani huwa zinasoma juu kidogo ya ukweli, kwa hivyo sasa ikawa karibu sawa, tulilinganisha na GPS ya simu. Inaingia bila kukata chuma, ilibidi tu kuivuta plastiki moja ndani ya fenda na kusogeza kingatope.

Tano, si nne. Hapa alinibishia kidogo kwa sababu ya bei. Prado hii iko kwenye magurudumu manne muda wote, difu ya kati inagawa nguvu mbele na nyuma, ukifunga spea ya kipenyo kingine ukiwa geti la Bachuma huko Tsavo ukarudi nayo mpaka Mombasa hio difu inafanya kazi njia nzima bila kupumzika. Na spea ya 33 ingemletea neno jingine, inakaa kwenye mlango wa nyuma, tairi la LT la saizi hio peke yake linazidi kilo 20 na rimu bado, bawaba za mlango kwenye gari ya umri huu zinaanza kulala. Ukifungua mlango wake saa hii unasikia.

Upepo: LT isifuate kibandiko cha mlangoni, hicho kiliandikiwa tairi laini la kiwandani, LT inataka zaidi kubeba uzito ule ule. Tulianzia 36, mstari wa chaki kukata meno, endesha kidogo kwenye lami kavu, chaki ikiisha katikati kwanza umejaza sana, ikiisha pembeni punguza tamaa ya ulaini uongeze. Akipakia magunia anaongeza nyuma.

Kazi iliyotutoa jasho haikuwa tairi. Ilikuwa alaimenti, kurekebisha pembe za magurudumu. Bolti za kurekebishia mikono ya chini ya mbele zilikuwa zimeshika kutu ndani ya bushi, kwa gari ya Pwani ni kawaida, unazungusha bolti na bushi yote inazunguka nayo. Mbili zilikatwa na bushi zikabadilishwa. Mtu akikwambia amefanya alaimenti ya Prado ya Mombasa dakika kumi muulize zile bolti alizigusa ama aliziangalia tu. Na rimu za kiwandani kabla ya kuvalishwa tulizisugua pale mpira unapokaa, kulikuwa na ule unga mweupe wa aloi iliyoliwa na chumvi, ndo unaokupa upepo unaopungua polepole kila wiki na fundi wa pancha haoni tundu. Ukitoka ufukweni osha rimu kwa maji baridi ya bomba, na nasema bomba makusudi, maji ya visima vingi vya huku Kisauni yenyewe yana chumvi, unaosha chumvi kwa chumvi.

Stadi mbili mpya, nati za wosha zikarudi kwenye rimu zake, zikakazwa kwa spana ya kipimo badala ya ile ya upepo, na zikakazwa tena alipofika kilomita mia. Beringi ya kushoto ilibadilishwa baadae, ilianza kulia.

Jamaa bado anataka 33, hajanificha, na mie simkatazi. Siku akiwa na pesa njia ipo: rimu 17 kwa 8 ofuseti +25, hio inatoka nje milimita 11 tu badala ya 61, 285/70R17 AT, mikono ya juu ya mbele inayoruhusu kurudisha pembe ya usukani, springi za inchi mbili, kile kikombe kikatwe kidogo kwa kipimo, kichomewe bamba na kupakwa dawa ya kutu pande zote maanake chuma kibichi huku hakimalizi masika. Na uwiano wa difu zote mbili ubadilishwe ama akubali kupanda Kwale na gia ya chini. Bei yote hio ukiijumlisha unaona kwanini zile seti za mtumba zinatembea haraka. Zake zilizotobolewa mayai nilimkataza kuziuza kama rimu, akaziuza kwa kilo.